Bata mluzi mwenye uso mweupe anaishi wapi hasa? Namna ya kuisoma ramani yake

Fungua kitabu chochote cha ndege wa Afrika, tafuta ukurasa wa bata mluzi mwenye uso mweupe, na utakuta ramani iliyopakwa rangi kutoka Senegali hadi KwaZulu-Natal, kisha Madagaska karibu nzima. Kama kitabu ni cha dunia, kuna doa jingine kubwa Amerika ya Kusini. Sasa chukua ramani hiyo, nenda Dodoma mwezi wa Septemba, zunguka malambo yote yaliyobaki na tope la kukauka, na huenda ukarudi jioni hujamwona hata mmoja. Ramani haijakudanganya. Imekujibu "wapi" ikanyamaza juu ya "lini", na kwa ndege huyu maswali hayo mawili hayaachani.

Jina lake la kitaalamu ni Dendrocygna viduata. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ndiye aliyempa jina hilo la pili mwaka 1766, akitumia maelezo ya ndege wa Cartagena, katika nchi inayoitwa Kolombia leo. Kwa hiyo bata ambaye Mmakonde, Mluo na Mpokomo wanamjua tangu zamani aliingia kwenye vitabu vya sayansi kwa mlango wa Amerika. Neno viduata linatokana na ujane kwa Kilatini: uso mweupe uliozungukwa na kisogo cheusi kama mtu aliyejifunika kitambaa cha msiba. Wasemaji wa Kiafrikaans wa Afrika Kusini waliona sura hiyohiyo wakamwita bata mtawa.

Ramani huharibika kwanza pale ndege anapotambuliwa vibaya, kwa hiyo tuanzie hapo. Ni bata wa sentimita 38 hadi 48, uzito wa kati ya nusu kilo na gramu 800 hivi, mwenye miguu mirefu na shingo ndefu anayosimama nayo wima. Uso na koo ni vyeupe, kisogo cheusi, kifua cha hudhurungi iliyokolea, ubavu una mistari myembamba myeusi na myeupe, tumbo jeusi. Dume na jike wanafanana. Akiruka, bawa lote ni jeusi juu na chini, hakuna doa jeupe popote, kiuno cheusi, na miguu inachomoza nyuma ya mkia huku shingo imeinama kidogo. Sauti ni miluzi mitatu mfululizo, ya mwisho ikishuka. Wamalagasi humwita tsiriry, Waargentina sirirí, Wabrazili irerê. Watu wa pande mbili za bahari wasiowahi kuonana waliandika sauti ileile kwa masikio yao wenyewe, na kila nikiyaona majina hayo matatu pamoja nafurahi.

Wa kuchanganywa naye zaidi ni ndugu yake, bata mluzi wa kahawia, Dendrocygna bicolor. Mara nyingi wako kundi moja. Tatizo linakuja kwa makinda: kinda wa uso mweupe bado hana uso mweupe, ana uso wa kijivu au wa rangi ya maziwa yaliyochujuka, na mtu mwenye haraka anamwandika kuwa wa kahawia. Kuna na watu wazima ambao nyuso zao zimepakwa kutu na tope lenye chuma, hasa wanaochimbachimba chakula kwenye udongo mwekundu. Usitazame uso peke yake. Subiri aruke utazame kiuno: wa kahawia ana mwezi mwandamo mweupe juu ya mzizi wa mkia, na ubavuni ana manyoya marefu ya rangi ya krimu yanayoonekana hata akiwa amekaa. Uso mweupe hana kimojawapo. Kama hujaviona, andika "bata mluzi, aina haijathibitika" na uendelee. Ingizo la namna hiyo lina thamani kuliko jina la kubahatisha, maana kosa likishaingia kwenye ramani linanakiliwa na kila anayekuja baadaye.

Mahali ambapo hayupo

Naona ni rahisi kuelewa eneo lake kwa kuanza na matundu. Ndani ya Afrika anakosekana Sahara, Namibu na sehemu kavu za Karoo na Kalahari, jambo ambalo halimshangazi mtu. Linaloshangaza ni kukosekana kwake katikati ya msitu wa Kongo, kwenye maji mengi kuliko popote barani. Huyu ni bata wa maji ya wazi. Anataka ukingo usio na miti iliyosongamana, maji ya kina kifupi ambayo mtu mzima angevuka bila kulowesha goti, tope la kutulia mchana na majani yenye mbegu ya kula usiku. Mto wa msituni wenye kingo za wima na kivuli hauna lolote kati ya hayo. Ukitoka msituni kwenda kusini mpaka bonde la Upemba huko Katanga, mabwawa yakafunguka, naye yupo.

Tundu la pili ni nyanda za juu. Kenya na Tanzania hupatikana zaidi chini ya mita 1,500. Juu ya hapo si mwiko, lakini huonekana wachache na kwa kupita. Hata hivyo baridi peke yake haielezi kila kitu: Antananarivo iko karibu mita 1,270, ndani ya jiji lenyewe kuna ziwa dogo la Alarobia katika bustani ya Tsarasaotra, na bata hawa hulala pale mchana pamoja na bata mdomo-mwekundu kwa sababu hakuna anayewawinda. Usiku hutoka kwenda majaruba ya mpunga yanayozunguka jiji. Ziwa hilo lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2005. Tofauti kati ya bwawa lenye bata na bwawa tupu inaweza kuwa ni mlinzi mmoja getini.

Anafuata maji, na maji hayafuati mvua ya hapo

Bata wengine tunaowaona kwetu wana kalenda. Salili, bata wa Ulaya na Asia wanaokuja kukimbia baridi, hufika kuanzia Oktoba na kufikia Aprili wamekwisha kuondoka. Unaweza kupanga safari kwa tarehe. Bata mluzi hana tarehe. Vitabu vinamwita mkazi, na ni kweli havuki kwenda bara lingine kila mwaka, lakini ndani ya Afrika anahamahama, kwa kawaida chini ya kilomita 500, kufuatana na mahali maji yalipotandaa na mbegu zilipo. Kilomita 500 ni mbali: ni kama kutoka Morogoro kufika Mbeya.

Watu wengi wakishasikia "anafuata mvua" hutazama mawingu juu ya vichwa vyao. Hapo ndipo wanapokosea. Angalia delta ya Okavango huko Botswana. Mvua inayoijaza hunyesha milima ya Angola, maji yanatembea miezi, na mafuriko yanafika deltani kati ya Juni na Agosti wakati wenyeji wako kwenye kiangazi kikavu. Delta ya ndani ya mto Niger, Mali, nayo hujaa kuanzia Oktoba kwa mvua iliyonyesha Guinea. Ukanda wa Saheli umekauka, lakini bata wako maelfu pale, na kwenye delta ya mto Senegali, na ziwa Chad. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni "mto huu unaleta maji lini?" kabla ya kuuliza "kwetu kunanyesha lini?"

Kwa Tanzania jambo hili liko wazi Kilombero. Mito inashuka kutoka Udzungwa na nyanda za Mahenge na Njombe, na bonde hutandaa maji zaidi kati ya Machi na Mei. Wakati huo usitegemee kuona makundi makubwa. Bata wametawanyika wawiliwawili kwenye majani marefu wanataga. Makundi huonekana maji yanapopungua, Juni na kuendelea, wakati kila kilichobaki ni vidimbwi na ndege wote wanabanana humo. Mtu anayehesabu Aprili atasema wamepungua. Anayehesabu Agosti atasema wameongezeka. Bata ni walewale.

Hali ni hiyohiyo Rufiji, Usangu, Malagarasi na ziwa Rukwa, kila bonde kwa saa yake. Kaskazini, kwenye vuli na masika, mzunguko unagawanyika mara mbili na ni mgumu zaidi kuusoma. Kenya anapatikana delta ya mto Tana, mdomo wa Sabaki, ziwa Jipe, Tsavo, Amboseli, pwani ya ziwa Viktoria na kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na Mwea. Uganda yuko kwenye hifadhi za magharibi na kando ya maziwa makubwa. Rwanda ni Akagera, Burundi ni delta ya Rusizi pembeni kabisa mwa Bujumbura. Visiwani, Pemba ina mabonde ya mpunga na vidimbwi vinavyomfaa. Komoro naye amefika, na kuvuka Mlango wa Msumbiji hadi Madagaska, ambako pembamba kabisa ni zaidi ya kilomita 400 za bahari, kwake ni safari inayowezekana.

Kuna wiki kama tatu katika mwaka ambazo hazionyeshwi kwenye ramani yoyote. Baada ya kulea, bata mzima huangusha manyoya yote ya mabawa kwa pamoja, hawezi kuruka, hujificha ndani ya majani ya kinamasi na hupiga mluzi kwa nadra. Ukipita wakati huo utaapa kwamba ameondoka, kumbe yuko hatua chache kutoka ulipo. Na ndio wakati ambapo moto wa kuchoma nyasi za ukingoni unamuumiza zaidi. Kama una sauti kwenye kamati ya kijiji inayopanga uchomaji, taja jambo hilo.

Utagaji wenyewe huanza mvua zikishaingia. Kiota mara nyingi ni bonde dogo kwenye nyasi, pengine mbali na maji. Amerika ya Kusini hutumia na matundu ya miti. Mayai kwa kawaida ni 6 hadi 12, wazazi wote wawili huatamia kwa zamu kwa siku 26 hadi 30, na vifaranga huruka baada ya wiki 8 hivi. Jumlisha: bata anahitaji maji yanayodumu miezi mitatu bila kukauka. Lambo linalojaa kwa mvua moja na kuisha baada ya wiki sita linaweza kuwa na bata mia, lakini halizalishi hata kifaranga. Kwa hiyo unapoandika mahali fulani kuwa "anaishi hapa", tenganisha mahali anapokula, anapolala na anapozalia. Rangi moja ya ramani imevichanganya vyote vitatu.

Upande wa pili wa Atlantiki

Amerika ya Kusini ameenea kwenye nyika za mafuriko za Venezuela na Kolombia zinazoitwa Llanos, Guyana zote, Brazili pamoja na Pantanal, Bolivia, Paragwai, Uruguai na kaskazini mwa Argentina. Trinidad anaonekana. Kosta Rika alikuwa akipatikana bonde la Tempisque, sasa ni adimu sana. Katikati ya msitu wa Amazoni anakosekana au yuko kando ya mito mikubwa tu, kwa sababu ileile ya Kongo. Asia hayupo kabisa. Wanaoonekana mara mojamoja Ulaya na Marekani kwa kawaida ni waliotoroka kwenye mabanda ya wafugaji wa ndege, nao hawahesabiwi kwenye eneo lake la asili. Wasomaji walioko London au Minneapolis wakimwona bustanini watazame kwanza miguu kama ana pete.

Jambo linalowasumbua wataalamu ni kwamba bata wa Cartagena na bata wa Kilombero hawatofautiani. Hakuna jamii ndogo, yaani migawanyo ndani ya spishi moja, zilizotengwa: si kwa manyoya, si kwa ukubwa. Kutengana kwa mabara hakuelezi hili. Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana miaka milioni 100 hivi iliyopita, na spishi moja haiwezi kukaa pande mbili muda wote huo bila kubadilika. Lazima kuna aliyevuka baadaye, tena si zamani sana.

Linganisha na bata wengine wa maji yetu waliopo pande zote mbili. Bata mluzi wa kahawia yuko Amerika, Afrika na hadi bara Hindi, naye hajagawanyika. Bata jicho-jekundu, Netta erythrophthalma, yuko Amerika ya Kusini na Afrika, lakini wa Afrika ni jamii ndogo tofauti. Bata mwenye nundu juu ya mdomo alikuwa akihesabiwa spishi moja kote, na sasa wataalamu wengi wamemtenga wa Amerika kuwa spishi yake. Kwa hiyo hawa ni bata wanne, njia inaonekana ni moja, na kila mmoja yuko hatua yake ya kuachana. Ukiwapanga hivyo, uvukaji wa bata mluzi unaonekana kuwa wa karibuni zaidi, au bado kuna wanaovuka mara chache na kuchanganya damu.

Wapo wanaosema alibebwa na meli. Hoja si ya kupuuzwa: kanga wa Afrika walifikishwa visiwa vya Karibi na meli zilizokuwa zikisafirisha watumwa, na wengine wakageuka wa porini huko. Lakini kanga alibebwa kwa sababu ni mfugo wa kuliwa. Na bata huyu alikuwa tayari anajulikana Cartagena kabla ya 1766. Mimi nauona uzito zaidi upande wa kuvuka kwa mabawa. Kati ya pwani ya Afrika Magharibi na pembe ya Brazili, pembamba kabisa ni karibu kilomita 2,900. Tukimkadiria kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa 48, na pepo za tropiki upande huo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, yaani zinamsukuma. Yangeyange wa ng'ombe, yule mweupe anayefuata mifugo, alivuka hapohapo bila meli. Alionekana Guyana na Suriname mwishoni mwa karne ya 19 na leo yuko Amerika karibu yote. Kundi moja la bata lililopotezwa na dhoruba linatosha, kama wakishuka kwenye mbuga yenye mafuriko.

Kuenea hakumaanishi usalama wa kila mahali

IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, hupima eneo la spishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzungusha mstari nje ya sehemu zote zinazojulikana, matundu yakiwa ndani. Ya pili ni kugawa ardhi kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2 na kuhesabu ile tu yenye ndege. Kwa bata mluzi namba ya kwanza ni kubwa mno, mbali sana na kilomita za mraba 20,000 ambazo chini yake spishi huanza kuangaliwa kama iko hatarini, ndiyo maana amewekwa kundi lisilo na wasiwasi. Lakini ukifikiria ile miraba midogo, mwezi wa Septemba Tanzania, idadi inapungua vibaya sana. Miraba michache ya kiangazi ndiyo inayobeba rangi yote ya ramani.

Madagaska imetupa mfano wa upande wa pili. Kisiwa hichohicho ambacho bata mluzi ameenea, bata mmoja mpiga mbizi, Aythya innotata, alidhaniwa amekwisha hadi alipoonekana tena mwaka 2006 kwenye maziwa madogo ya kaskazini, wakiwa wachache mno. Mmoja anakula mbegu za mpunga na majani ya mafuriko, popote penye tope. Mwingine alitegemea maziwa tulivu yenye ukingo mzima, na maziwa hayo yakafanywa mashamba. Kilimo kilichompanua mmoja kilimfinya mwingine.

Na mpunga ndio ugomvi wake mkubwa na watu. Bata mluzi hula usiku. Mkulima aliyesia mbegu iliyoloweshwa kwenye jaruba lenye maji anaamka asubuhi anakuta mabaka matupu na nyayo. Hasara iko hasa siku za kwanza baada ya kumwaga mbegu. Mche uliokwisha kupandikizwa na kushika mizizi hausumbuliwi sana. Kwa hiyo kitalu kiwekwe karibu na nyumba au barabara, mbegu ifunikwe kwa tope laini, na maji yatolewe mpaka mche uchipue, kwa sababu anachokitafuta bata ni maji ya kuchezea mdomo. Ukirudisha maji mapema, kwa mfano siku ya tatu, umemwalika. Kamba zenye vipande vya plastiki husaidia usiku mbili tatu kisha anazoea. Mlinzi mwenye tochi na debe ni bora kuliko kamba.

Kisichofaa kabisa ni sumu. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wa mpungani, bata hawa wakiwemo, wamekuwa wakiuawa kwa dawa ya wadudu aina ya karbofurani iliyopakwa kwenye chambo, kisha nyama ikauzwa. Sumu hiyo inashika mishipa ya fahamu ya binadamu vilevile, na kupika hakuifanyi nyama iwe salama. Bata aliyekutwa amekufa bila jeraha, au anayepepesuka na kutoa mate, asiguswe kwa mkono mtupu wala asipelekwe jikoni. Mwite afisa mifugo. Dalili za mafua ya ndege nazo zinaweza kufanana na hizo.

Kumweka kwenye ramani

Mabingwa wa ramani hizi wanategemea orodha za watu wa kawaida. Kenya kuna ramani ya ndege inayoendeshwa tangu 2013 kwa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, ambayo kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 9 kila upande. Unatembea ndani ya mraba mmoja angalau saa mbili, unaandika kila spishi kwa mfuatano uliyoiona, na unaweza kuongeza kwenye orodha hiyohiyo hadi siku tano. Tanzania ina atlasi yake iliyoanza kukusanya taarifa miaka ya 1980. Mwezi wa Januari kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, na sehemu nyingi za Afrika hurudia Julai. Kwa bata mluzi hizo hesabu mbili zisomwe pamoja, maana moja peke yake inapotosha.

Saa nzuri ni kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, wanapokuwa wamerudi kulala ukingoni. Kaa upande ambao jua liko mgongoni kwako, vinginevyo nyuso zote zitakuwa nyeusi. Saa sita mchana mvuke wa joto juu ya tope unafanya bata wacheze kwenye darubini kama wako ndani ya maji. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili, hesabu wanaoruka kwenda kula: simama mahali pamoja, chagua mti kama mstari, hesabu wanaouvuka tu.

Kwa kundi kubwa, hesabu kumi mmoja mmoja, tazama nafasi wanayochukua, kisha pima kundi kwa nafasi hiyo. Fanya hivyo mara mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya robo, rudia. Husimama wamebanana na walio nyuma hufichwa na walio mbele, kwa hiyo hesabu ya kutoka usawa wa ukingo karibu daima ni pungufu. Panda kichuguu au paa la gari ukiweza. Wakirushwa na ng'ombe au mbwa, acha kuhesabu mpaka watue, kwani watazunguka mara tatu nne na utawahesabu kila mara.

Andika tarehe, saa, idadi, na mambo matatu ambayo watu huyaacha: kina cha maji kwa kukadiria, kama kuna vifaranga, na kama kuna nyuso za kijivu za makinda. Bwawa tupu nalo liandikwe, pamoja na muda uliokaa hapo na hali ya maji. Lambo la Dodoma lenye sifuri ya Septemba na bata 200 wa Februari ni ingizo kamili. Lenye 200 peke yake litampotosha atakayekuja Septemba ijayo.